Ule mtumbwi wa baba yako uliandikwaje?

Kirumba, Mwanza
16 Novemba

Mama Doto, mwenzangu,

Mwangaluka! Najua utaisoma jioni, lakini mimi naandika asubuhi, kwa hiyo itikia hivyo hivyo. Huku sisi wazima. Mama anakusalimu sana, magoti tu ndiyo yanamsumbua akipanda zile ngazi za mawe. Nasikia huko Mtwara mnakula pweza mpaka mmesahau sato. Hilo tutaliongea ukija.

Nina swali, ila lazima uusikie mkasa kwanza. Unaukumbuka ule ukuta mrefu chini ya njia ya mlimani, pale tulipokuwa tunaegemea tukitafuna miwa? Tunauchora. Siyo tangazo la simu wala sura ya mgombea. Tunachora ya kwetu, watu wa mtaa wenyewe. Wenye pesa walichanga, wengine wakaleta rangi iliyobaki walipomaliza kujenga, ndiyo maana anga letu lina bluu za aina nne na wingu moja la rangi ya maziwa ya mgando.

Kiongozi wetu ni kijana anayechora mabango ya saluni. Aliugawa ukuta kwa miraba: uzi wa fundi mwashi umepakwa chaki, wawili wanaushika huku na huku, wa tatu anauvuta na kuuachia. Pah! Mstari umenyooka. Watoto wakagoma kwenda kula, kila mmoja anataka zamu yake ya kuvuta uzi. Kisha kila nyumba ikapewa miraba yake.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa ngoma. Wewe uliolewa mbali, umesahau wazee wetu walivyo: mpaka leo kuna mtu hamsalimii jirani vizuri kwa sababu yeye ni Mgika na mwenzake ni Mgalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana. Tukichora ngoma ya Wagika, Wagalu wanasema tumewadharau. Tukigeuza, hivyo hivyo. Walianza kubishana kati ya Ngika na Gumha, waanzilishi wa makundi hayo, nani alikuwa na dawa kali zaidi, watu waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa! Mwisho bibi mmoja akauliza, kule Bujora kwenye Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma, huwa tunamjuaje mshindi? Si kwa kuangalia watu wamekimbilia upande gani? Basi tumechora vikundi viwili vinatazamana, na katikati umati umetupa mgongo. Hakuna aliyeegemea kokote. Mama ameshikilia kuwa watu wa kushoto ni wengi zaidi. Nimehesabu, ni sawasawa.

Lakini kilichonikaa moyoni ni cha samaki. Kijana alikuwa ameshachora sangara kwa chaki, mkubwa kama kitanda, na ni haki ya samaki huyo, maana pesa yake ndiyo iliyojenga nusu ya nyumba za mtaa huu. Akaja mzee mmoja Mjita, mvuvi wa zamani, akasimama na fimbo yake akasema huyo afutwe. "Huyu siyo wa hapa. Aliletwa na Wazungu miaka ya 1950, akatumalizia furu, wale samaki wetu wadogo. Mnamchoraje mgeni kwenye ukuta wa wenyeji?" Watu kimya. Ndipo yule mama Muha anayeuza dagaa mwaloni, unamjua, akaweka ndoo yake chini taratibu. "Basi na mimi mnifute. Mimi nilikuja na treni."

Mama Doto, nilitamani ungekuwepo. Tulianza kutazamana. Baba yangu alitoka Bukoba. Baba yako Ukara. Mwenye duka wazee wake walitoka Singida. Hata Msukuma wa pale kona alihamia juzi kutoka Kwimba. Mzee akacheka mwenyewe, yale meno yake mawili. Akakubali sangara abaki, kwa sharti kwamba awe amefungua mdomo na furu waonekane wakimkimbia, tena wachorwe kama walivyokuwa. Akaletewa kiti. Alikaa siku nzima akiwaelekeza watoto: huyu tumbo la manjano, yule mgongo mwekundu, huyo mwingine bluu iliyoiva. Vijana wengi walidhani anatunga. Wamezoea kumwona furu mmojammoja wa kijivu kwenye fungu la dagaa.

Meli hatukuchora. Ilipendekezwa, mama mmoja akainuka akaondoka bila neno, tukakumbuka Mei 1996, MV Bukoba ilipozama na watu. Hakuna aliyerudia.

Jumapili tulipaka maji ya ziwa kwa rangi ya mafuta, kumbe siku hiyo wale wadudu wa ziwani wamepanda kama moshi. Upepo ukawaleta wote ukutani. Rangi mbichi! Tuliamka tukakuta ziwa limeota manyoya. Tumewakwangua kwa msasa siku mbili, na bado ukisogea karibu utaona mabawa. Kijana anasema tuwaache, nao ni wenyeji. Mimi sikuafiki, ila mkono ulishachoka.

Sasa swali langu. Miraba yetu ni ule mtumbwi wa baba yako, ulioegeshwa mchangani, na yeye ameinama anapigilia pamba kwenye viungo vya mbao. Kofia nimeikumbuka, hata lile shati. Tatizo ni maandishi ya ubavuni. Mimi nasema yalikuwa USINIHESABIE. Kaka yangu anaapa yalikuwa ZIWA HALINA MWENYEWE, na mama anasema sote waongo, lilikuwa jina la bibi yako. Ile pembetatu ya mbele nayo ilikuwa nyekundu au kijani?

Nijibu kabla ya Jumamosi, mvua za safari hii hazina adabu. Kama una picha yoyote, hata ile ya kipaimara ambayo mtumbwi ulionekana nyuma kidogo, mwombe Doto aipige kwa simu anitumie. Na kitu kimoja zaidi: naona kama herufi N alikuwa anaigeuza. Kijana wa mabango anataka kuinyoosha. Ukiniambia kweli iligeuka, nitakaa hapo na kiti changu mpaka aiandike imegeuka.

Msalimie shemeji na watoto.

Mwenzio wa dawati moja