Mhariri, shida si ngozi ya bibi, ni mwanga

Mhariri, salamu kwako na kwa wote mnaoandaa gazeti. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na kazi yangu ni kupiga picha, hasa picha za familia, zile za kawaida zisizo na mataa ya studio, watu wamekaa kwao wanaongea na watoto wanakimbia huku na huku. Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa picha za familia zinazotumwa na wasomaji. Naupenda sana, ila mara nyingi nikiufungua roho inaniuma, maana unakuta bibi au babu aliyekalishwa katikati kwa heshima zote haonekani uso, unaona meno na nguo nyeupe tu, macho hayapo, mashavu hayapo, alafu chini pameandikwa jina lake. Huyo ndo mtu ambaye picha ilipigwa kwa ajili yake jamani.

Na wengi wanaona ni kawaida, eti mtu mweusi sana hatokei kwenye picha. Nimesikia watu wazima wakimwambia mtoto kabisa "wewe kaa huko pembeni hutokei", na mtoto anasogea kweli. Kauli hiyo inaniudhi kuliko kitu chochote kwenye kazi hii. Sio kweli! Ngozi nyeusi inatoka vizuri mno, inarudisha mwanga kwa mng'ao wake, ukiipa mwanga mpana na mlaini unaona paji la uso, pua, kidevu, kila kitu kimechongeka. Kinachokosewa ni kipimo.

Kamera, iwe kubwa iwe ya simu, inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kile inachokiangalia, alafu inajitahidi wastani wake utoke kijivu cha kati, wapiga picha tunaita kijivu cha asilimia 18, yaani kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Basi. Sasa ukimweka bibi mbele ya dirisha lenye jua nyuma yake, au mbele ya ukuta mweupe pee, kamera inaona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, dirisha linatoka zuri na bibi anageuka kivuli. Simu za siku hizi zinatafuta sura zenyewe na zinaunganisha picha kadhaa kuwa moja, zinasaidia, ila bado zinakosea hasa pale mweusi tii na mweupe wakikaa pamoja.

Na hili lina historia yake. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak, kampuni ya filamu za kamera, walikuwa wanawapa maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi, na juu ya kadi hiyo kulikuwa na picha ya mwanamke mzungu, kadi zikaitwa Shirley. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri mashine imepimwa sawa, wengine wote watajijua. Google walipotoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021 walitangaza wazi kwamba wameirekebisha kamera yake ionyeshe ngozi nyeusi ilivyo, yaani mpaka mwaka huo hilo lilikuwa bado jambo la kutangaza. Lakini asikudanganye mtu kwamba lazima usubiri teknolojia. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako nchini Mali, alifungua studio yake 1948, akawa anapiga watu uani kwa mwanga wa mchana na kitambaa kimetundikwa nyuma, mara nyingi alipiga mara moja tu kwa kila mtu, na kwenye picha zake sura zinaonekana wazi mpaka unahisi mtu anakaribia kuongea. Alijua pa kumweka mtu, ndo siri yote.

Nieleze ya kwangu. Wakati naanza nilimpiga bibi yangu mzaa mama amekaa kwenye kiti mlangoni, nje jua kali la saa 7 mchana, mimi nimesimama ndani. Nilipenda ule mlango ulivyomzunguka kama fremu. Picha ilitoka uwanja wa nje unaonekana hadi majani, bibi mweusi kama mkaa, hata huwezi kujua kama anatabasamu. Nikajaribu kuing'arisha kwenye kompyuta zikatokea chenga, vile vidoti vidoti, uso mzima na rangi ikawa ya majivu. Niliumia sana, maana alikuwa amejiandaa tangu asubuhi.

Nikarudi kwake siku nyingine. Safari hii kiti nikakiingiza ndani hatua mbili kutoka mlangoni, nikamgeuza autazame mlango kidogo kwa upande, mimi nikasimama pembeni ya mlango ili mwanga utoke upande wangu uende kwake. Upande wa pili wa uso wake kulikuwa na kivuli kizito kwahiyo nikachukua shuka jeupe nikalitandaza juu ya mgongo wa kiti kingine nikakisogeza karibu naye, nje ya picha, shuka likarudisha mwanga kwenye lile shavu. Taa ya ndani nikazima, sababu balbu ya njano ni kama Kelvin 3000 (Kelvin ndo kipimo cha rangi ya mwanga) na mchana ni kama 5500, ukizichanganya nusu ya uso inakuwa ya machungwa na nusu ya bluu. Alafu kwenye simu nikagusa shavu lake, nikashikilia kidole mpaka kipimo kikajifunga pale pale, nikavuta ile alama ya jua juu kidogo. Yaani dakika tano tu. Mikunjo ya pembeni ya macho ikatoka yote, na ile alama ndogo aliyonayo chini ya jicho ambayo sisi wajukuu tulikuwa tunaigusa tukiwa wadogo, ikatoka.

Kwenye kundi kazi ni ngumu zaidi, hapo ndo wengi wanashindwa. Dirisha dogo lina tabia ya kuishiwa nguvu haraka, aliyekaa mita 1 na aliyekaa mita 2, huyu wa pili anapata karibu robo tu ya mwanga wa mwenzake. Kwahiyo usiwapange kuelekea ndani ya chumba, wapange wawe umbali mmoja na dirisha, na kama rangi zao zinatofautiana sana wenye ngozi nyeusi wakae karibu na mwanga na weupe wasogee mbali kidogo. Watu wanafanya kinyume kabisa, mweusi anasukumwa kona yenye giza. Nje nako mchana wa jua kali tafuta kivuli cha nyumba ambacho mbele yake anga iko wazi, mti wenye majani machache unaleta madoadoa usoni, na majani mabichi chini yanatia ukijani kwenye kidevu. Ukiweza kusubiri jua lishuke subiri.

Kuhusu seting za kamera sitasema mengi. Watoto wanaokimbia wape shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, ya sekunde 1/250 au ya haraka zaidi, watu wa safu mbili tundu la lenzi la f/5.6 linatosha mara nyingi, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande tu usiiogope, chenga kidogo ni bora kuliko uso uliofifia. Pima kwenye uso, sio kwenye shati. Ukiongeza stopu moja, ndo hatua ya kupimia mwanga, umeongeza mwanga mara mbili, kwahiyo ongeza kidogo kidogo huku unaangalia paji la uso na nguo nyeupe, maana palipoungua kabisa hapana kitu tena, hata uediti vipi hapatarudi. Flashi ya juu ya kamera iache, inapiga uso kama tochi na kuacha doa linalong'aa kwenye paji la uso.

Jambo jingine linaloniuma ni hizi filta. Mtu anatumiwa picha ya mama yake iliyotoka giza, badala ya kuipa mwanga anamng'arisha ngozi mpaka mama anakuwa rangi ambayo hajawahi kuwa nayo maisha yake yote. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Kuongeza mwanga ni kumtoa mtu kizani aonekane alivyo, kumfanya mweupe ni kumbadilisha akawa mtu mwingine, na watoto wakija kuangalia ile picha baada ya miaka 20 watamwona nani? Mteja akiniomba hivyo nakataa kwa upole na kumwonyesha picha niliyoipima vizuri, na mara nyingi akiiona anaichukua hiyo hiyo.

Sasa mhariri nina maombi mawili. La kwanza, mnajua karatasi ya gazeti inakunywa wino, vidoti vinatanuka, picha ambayo kwenye skrini iko sawa ikichapwa inazidi giza, na wa kwanza kuumia ni wenye ngozi nyeusi. Wanaoandaa kurasa wainue kidogo mwanga wa kati, yaani ule usio mweusi kabisa wala mweupe kabisa, kwenye sura kabla ya kupeleka mtamboni, wasiguse nyeusi za nywele wala weupe wa nguo, ni sura tu. La pili, pale mnapowaomba wasomaji watume picha ongezeni mistari miwili mitatu ya maelekezo, kwamba mtu asipigwe dirisha likiwa nyuma yake, aguse uso kwenye skrini kabla ya kupiga, na afute lenzi ya simu kwa kitambaa maana ukungu wa vidole unafifisha picha nzima. Na picha ikija giza sana msiitupe wala msiichape hivyo, mwambieni aliyeituma ajaribu tena kama mhusika bado yupo.

Nimewawekea picha zote mbili za bibi, ya mlangoni na ile ya pili. Yeye mwenyewe ameniruhusu, alisema ya kwanza muichape ndogo.

Msomaji wenu,
Mpiga picha za familia