Mjomba, sijafeli

Uingereza, 9 Novemba 2025

Shikamoo Mjomba. Mama naye mpe shikamoo yake, na Bibi mwambie dawa ya magoti nimeshanunua, inasubiri mtu wa kusafiri. Mimi ni mzima, ila baridi tu.

Sauti uliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza mara tatu. Hukufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Umesema tu, "Mpwa wangu, kama kuna tatizo sema," nikajua Issa ameshapita barazani Chikongola na maneno yake. Kwamba nimefeli. Kwamba nimeolewa na mzungu, najificha. Mjomba, sijafeli. Kazi yangu haijasahihishwa.

Tasnifu niliiwasilisha Septemba, siku mbili kabla ya mwisho, na mpaka leo haijaguswa. Chuo kilitangaza kupunguza wafanyakazi, idara yetu ikawa juu kabisa kwenye orodha. Wahadhiri wakapiga kura, wakagoma kusahihisha. Kufundisha wanafundisha, ukiwaandikia wanajibu, ila alama hawatoi. Si jambo geni huku. Mwaka 2023 chama chao cha wafanyakazi, UCU, kiligoma hivyohivyo kuanzia Aprili hadi Septemba wakidai mishahara, na wapo waliovaa majoho siku ya mahafali bila kujua wamepata daraja gani.

Utaniuliza chuo cha Uingereza kinakosaje pesa. Ada ya mtoto wa kwao wa shahada ya kwanza serikali iliifunga kwenye pauni 9,250 tangu 2017, na mwaka huu ndiyo imesogea mpaka 9,535, wakati kila kitu kingine kimepanda. Pengo wakaliziba kwa sisi wageni, maana sisi tunatozwa zaidi. Halafu Januari 2024 wakazuia wengi wa shahada ya uzamili kuja na wake, waume na watoto. Wageni wakapungua, na vyuo vikaanza kutafuta nani wa kumtoa.

Msimamizi wangu ana miaka kumi na tisa pale, naye kapewa barua. Nilimkuta getini kashika bango, mvua inamnyeshea, akaniomba radhi mimi. Nilijiandaa kumkasirikia, nikashindwa. Nilipofika chumbani kwangu ndipo hasira zilipokuja, na yeye hayupo. Lakini naye anaumia. Anayegoma kusahihisha, vyuo vingine humkata nusu ya mshahara, vingine wote.

Na wewe, Mjomba, ndiye mtu wa mwisho wa kushindwa kunielewa. Umesahau 2018? Mlikataa bei mnadani, wewe ukiwa wa kwanza kunyanyuka, korosho zikabaki ghalani na Mama akakopa unga dukani. Mimi nilikuwa kidato cha tano, ada haijalipwa, naambiwa subiri. Serikali ikaamua kuzinunua yenyewe, yakaja malori ya jeshi na ile bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, na bado pesa ikachelewa. Sikuwahi kusema mjomba wangu mvivu. Nilisema yuko kwenye mgomo. Basi Issa naye aseme hivyohivyo. (Mama usimsomee aya hii kwa sauti. Akisikia neno mgomo anakumbuka vurugu za gesi za Mtwara za 2013, tulivyojifungia ndani, hatalala.)

Sasa la mikorosho ya Kitama, ile uliyoweka rehani kwa Mzee wa Nanyamba. Nilisema Oktoba nitatuma milioni sita tuikomboe, msimu huu tuokote wenyewe. Oktoba imepita, na Mzee wa Nanyamba anaokota. Sitakudanganya, pesa ninayo. Nimeikalia. Viza yangu inakwisha Januari. Nikitaka kubaki kufanya kazi, lazima niombe kabla haijaisha, na chuo kiwe kimethibitisha kwamba nimefaulu. Maombi ni pauni 880, na ada ya matibabu ya miaka miwili ni pauni 2,070. Alama zikitoka Desemba, pesa inaenda huko. Zisipotoka, inakwenda kwa Mzee wa Nanyamba na kwenye tiketi. Hilo ndilo nililokuwa nashindwa kukwambia kwa simu. Viza na ndege yangu ulilipia kwa mikorosho hiyo, mimi nikakaa juu ya pesa kama kuku.

Kazi ninayo, ile ya nyumba ya wazee. Si ya kuandikia barua.

Ila mwambie Issa na hili. Somo la biashara ya mazao nilipata 74. Asicheke, huku 70 ndiyo daraja la juu, na darasa zima tulifika wanne tu. Nilisimama mbele yao nikawaeleza bibo ni nini, maana wanakula korosho maisha yao yote na tunda hawalijui. Mmoja alidhani korosho inachimbwa ardhini kama karanga! Nikawaonyesha pakiti ya dukani, nyuma imeandikwa Vietnam, nikawaambia huenda hizi zimepita bandari ya Mtwara zikiwa na maganda yake. Wakanyamaza. Yule msimamizi alisema niitoe iwe makala. Hayo ndiyo yaliyomo kwenye tasnifu ambayo haijaguswa.

Juzi nimeota ming'oko, Mjomba, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, ile Somoe anayoificha chini ya kitanda.

Nimetuma laki tatu kwa simu ya Somoe, si ya Issa. Laki moja ni ya Bibi. Iliyobaki chukua, mfuate Mzee wa Nanyamba, mwambie msimu huu aokote, ila asikate matawi, na asithubutu kuuza rehani yetu kwa mtu mwingine. Na mwezi wa sita, dawa ya mikorosho ikianza kupulizwa, muulize kama pampu yake bado nzima. Huenda nikaibeba mwenyewe.

Mpwa wako