Majeruhi saba, na lawama iliyo yako kweli

Ndugu yangu Kocha,

Pole na mawazo. Ujumbe wako wa saa nane usiku niliukuta alfajiri, nikausoma mara tatu kabla sijatoka kitandani. Umeuliza swali moja tu: "Hivi kweli majeraha haya ni kosa langu?" Nilishika simu nikupigie nikuambie hapana, lala. Nikaiweka chini. Tumecheza pamoja miaka tisa, wewe namba sita na mimi nyuma yako namba tano, na sikumbuki siku tuliyodanganyana uwanjani. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utanikatiza.

Hali yako naijua. Mechi sita, pointi moja. Wachezaji saba nje. Kamati inakaa Alhamisi, na Jumamosi mashabiki walianza kuliimba jina la kocha aliyepita hata mapumziko hayajafika. Nilikuwa nimekaa katikati yao. Wapo waliosema majeruhi ni kisingizio chako, kila kocha anao. Wapo waliosema wewe mwenyewe ndiye unayewavunja vijana. Wa kwanza wanakuonea. Hawa wa pili wana kipande cha ukweli mkononi, na ndicho kilichonifanya nikae kuandika.

Nianze na wanaokuonea. Kipa wako alivunjika kidole akiucheza mpira wa kona. Beki wako wa kati aligongana kichwa na mshambuliaji wao. Kiungo alikanyagwa enka na mtu aliyechelewa kuufikia mpira, na mwamuzi akatoa kadi. Hao watatu hata angekuwepo malaika benchi wangeumia. Unamkumbuka Virgil van Dijk, beki wa kati wa Liverpool? Oktoba 17, 2020, dakika za mwanzo tu, Jordan Pickford wa Everton alimwingilia vibaya, mshipa wa goti ukakatika, msimu ukaisha. Mwezi uliofuata Joe Gomez akaumia goti akiwa kwenye mazoezi ya timu ya taifa, na Januari Joel Matip naye akaenda kwa enka. Mabeki watatu wa kati, wote. Fabinho na Henderson wakatolewa kiungo wakazibe nyuma, nao wakaumia. Liverpool, bingwa mtetezi, ikafungwa mechi sita mfululizo za ligi Anfield, uwanja wake wa nyumbani, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia yake yote. Kocha wao, Jürgen Klopp, alimaliza msimu na Nat Phillips na Rhys Williams, vijana ambao Agosti hakuna aliyewahesabu, akashika nafasi ya tatu. Kumlaumu Klopp kwa goti la Van Dijk ni kutafuta mtu wa kumkasirikia.

Na kuna hesabu ambayo ningependa kamati waisikie kabla hawajafungua mdomo. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, wamekuwa wakifuatilia majeraha ya klabu kubwa za Ulaya tangu 2001, utafiti unaoongozwa na daktari wa Sweden, Jan Ekstrand. Waligundua kwamba kikosi cha wachezaji 25 hupata majeraha kama 50 kwa msimu, yaani kila mchezaji mara mbili. Hao ni watu wenye madaktari wao, wapishi wao, mashine za kupima kila hatua wanayokimbia. Kwa hiyo kuwa na majeruhi peke yake si ushahidi wa chochote.

Lakini wanne waliobaki wameumia mahali pamoja: nyuma ya paja. Wanne, ndani ya wiki tano.

Hapa ndipo ninaposhindwa kukutetea, na nimejaribu. Niliwaza labda ni mchezo wenyewe umebadilika, kwa sababu ni kweli umebadilika. Utafiti huohuo wa UEFA ulionyesha kwamba msimu wa 2001/02 majeraha ya misuli ya nyuma ya paja yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote, na miaka ishirini baadaye yamefika asilimia 24. Watu wanakimbia kwa kasi zaidi na mechi zimerundikana. Carlo Ancelotti alipokuwa kocha wa Real Madrid alilalamikia ratiba, na namwelewa. Wewe lakini unacheza mechi moja kwa wiki. Ratiba haijakugusa.

Nikajiuliza, wiki tano zilizopita kulitokea nini? Tulifungwa nne bila. Na Jumapili yake asubuhi ukawapeleka vijana mlimani.

Najua kwa nini ulifanya vile. Ulikuwa umeumia, ulitaka waone kwamba hukubali kufungwa. Kocha wetu wa zamani alikuwa akitufanyia hivyohivyo, na sisi tukajifunza kwamba timu ikifungwa dawa yake ni jasho. Lakini msuli uliochoka jana haujui kwamba unaadhibiwa. Unajua tu kwamba leo umeongezewa mzigo kabla haujapona. Jumapili ya pili mlima tena, ya tatu tena, na Jumatano mbio za kasi. Wa kwanza akachanika wiki ya pili.

Leicester msimu wa 2015/16, timu ambayo hakuna aliyeipa nafasi, ilitwaa ubingwa wa England ikitumia wachezaji 23 tu msimu mzima. Ndiyo, hawakuwa na mashindano ya Ulaya, na bahati ilikuwepo. Lakini kocha wao, Claudio Ranieri, alieleza mwenyewe jinsi wiki yao ilivyokuwa: Jumapili mapumziko kwa wote, Jumatatu mazoezi mepesi, Jumanne magumu, Jumatano mapumziko kamili, Alhamisi magumu, Ijumaa maandalizi, Jumamosi mechi. Siku mbili za kupumzika kila wiki. Timu iliyokuwa ikikimbia sana ndiyo iliyokuwa ikipumzishwa hivyo.

Sasa nije Jumamosi iliyopita, kwa sababu hili la Jumamosi ndilo linaloniuma zaidi ya mlima.

Dakika ya 60 hivi, winga wetu wa kulia alikwenda kurusha mpira upande wa jukwaa letu. Alikuwa karibu nami kama mita nne. Kabla ya kurusha aliuweka mpira chini ya kwapa, akapeleka mkono wa kulia nyuma ya paja, akaminya, kisha akaangalia benchi. Wewe ulimwona. Yule dada wa huduma ya kwanza naye alimwona, akasimama, akakuzungushia vidole viwili: mtoe. Ukafungua kiganja chini-chini, ile ishara yetu ya zamani ya "bado kidogo". Tulikuwa nyuma bao moja na benchi lako lilikuwa na watoto watatu tu. Kijana akarusha. Dakika kumi baadaye akapewa mpira wa kukimbilia, akapiga hatua nne, tano, akashika paja kwa mikono miwili na kuanguka kifudifudi bila kuguswa na mtu. Alikuwa amerudi uwanjani siku nane tu baada ya kuumia paja hilohilo.

Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mimi nakuambia pole, lakini mwiba ni wako.

Nikiwa njiani kurudi nilimkumbuka Ange Postecoglou na msimu wake wa 2024/25 pale Tottenham. Watu waligombana mwaka mzima: je, kocha anayeshuka vile alaumiwe, au asamehewe kwa sababu kikosi kilikuwa hospitalini? Guglielmo Vicario, kipa wake, alivunjika enka kwenye ushindi wa 4-0 dhidi ya Manchester City na akaicheza mechi ile mpaka mwisho. Hilo kocha angelizuiaje? Lakini Desemba 8, nyumbani dhidi ya Chelsea, aliwapanga pamoja Cristian Romero na Micky van de Ven, mabeki wake wa kati wote wawili wakiwa ndiyo kwanza wanatoka kuuguza majeraha. Romero alitoka dakika ya 15. Van de Ven alitoka kipindi cha pili, paja tena. Tottenham waliongoza 2-0 wakafungwa 4-3. Baada ya hapo Archie Gray, kiungo wa miaka 18, akawa beki wa kati wiki baada ya wiki. Mechi moja aliyotaka kuiokoa ilimgharimu mabeki wawili kwa wiki nyingi. Walimaliza nafasi ya 17, wamefungwa mechi 22 kati ya 38.

Mimi simlaumu kwa idadi ya majeruhi. Namlaumu kwa Desemba 8.

Na nakwambia hivi kwa sababu ya kilichofuata. Van de Ven alirudishwa taratibu, dakika 45 huku, benchi kule, mechi nyingine za ligi akiachwa kabisa. Mei 21, 2025, fainali ya Europa League mjini Bilbao, Tottenham wanaongoza 1-0, kipindi cha pili Rasmus Højlund wa Manchester United akapiga kichwa mpira unakwenda wavuni, kipa hayupo. Van de Ven akaruka kinyumenyume, mguu juu, akauondoa mpira karibu na mstari. Ni mtu yuleyule aliyeumia paja Desemba. Mara nyingi nimejiuliza kama kuruka kule kungewezekana kama Februari na Machi angeendelea kuchezeshwa kila wiki. Kombe la kwanza kwa Tottenham tangu 2008. Siku 16 baadaye kibarua cha Postecoglou kikaota nyasi, lakini hilo ni jambo la wakubwa wa klabu, na hata wewe Alhamisi huna mamlaka nalo.

Ulicho na mamlaka nacho ni yule dada wa huduma ya kwanza. Nilizungumza naye baada ya mechi. Hakukusema vibaya, lakini aliniambia siku hizi akikutolea taarifa unaangalia pembeni, kwa hiyo ameanza kuzifupisha. Kaka, hapo ndipo timu zinapoumia. Ekstrand na wenzake walizifuatilia klabu 36 za Ulaya kwa misimu minne kati ya 2012 na 2016, wakaona kwamba pale ambapo kocha mkuu na watu wa tiba hawaelewani, mzigo wa majeraha ni mkubwa zaidi na wachezaji waliopo kwa ajili ya mechi ni wachache zaidi. Hata Bayern ya Ujerumani, na utajiri wao, Aprili 2015 daktari wao wa miaka mingi, Müller-Wohlfahrt, aliondoka baada ya kufungwa 3-1 na Porto, akisema idara ya tiba ndiyo iliyobebeshwa lawama ya kipigo kile. Wewe bado unaye wa kwako. Mfuate kabla ya Alhamisi. Mwambie neno lake ndilo la mwisho kuhusu nani anarudi lini, na umwambie mbele ya wachezaji, ili kijana akiminya paja ajue amwangalie nani.

Kwa kamati, usipeleke orodha ya majeruhi saba. Peleka watatu na useme hawa ni bahati mbaya ya mpira. Kisha sema wanne ni mazoezi niliyoyaongeza baada ya vipigo, nimeyaondoa, na huyu mmoja nilimrudisha mapema. Najua unaogopa kwamba ukikiri watakufukuza. Wanaweza. Lakini nimekaa na wale watu jukwaani, na ninavyowaona, wamechoshwa na kusikia kila wiki kwamba ni bahati mbaya tu.

Mlima uache. Mazoezi ya Jumanne anza na ule mpango wa FIFA wa kupasha mwili, unachukua dakika kama 20 na umethibitika kupunguza majeraha. Halafu kuna zoezi la kupiga magoti: mmoja anapiga magoti, mwenzake anamshika enka kwa nguvu kutoka nyuma, yule aliyepiga magoti anajiachia kwenda mbele polepole, mwili umenyooka toka magotini hadi kichwani, mpaka ashindwe ajidake kwa mikono. Linauma siku za mwanzo, kwa hiyo anza na marudio machache, tena mapema kwenye wiki, si karibu na mechi. Tafiti zikijumlishwa zinaonyesha linapunguza majeraha ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. Halihitaji kifaa chochote, linahitaji watu wawili wawili. Waliopo sasa ni hesabu isiyogawanyika kwa mbili, nimehesabu. Jumanne nitakuja niwe wa pili kwa atakayebaki, na enka nitazishika mwenyewe.

Winga wetu usimpe tarehe ya kurudi. Nilimpigia jana, ameniambia anajisikia vizuri na anaweza kucheza baada ya wiki mbili. Ana miaka kumi na tisa, kwa kweli atakwambia hivyohivyo na wewe, na atakwambia kwa sauti ya kukufurahisha kwa sababu anakupenda. Mwambie hapana kabla hajamaliza sentensi.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Namba tano