Kwa mdogo wake Bwana Yeo

Mdogo wangu,

Assalam aleikum. Ujumbe wako niliupata Jumapili usiku. Nikausoma, nikaizima simu, nikaiwasha tena nikausoma. Unasema umepata nafasi chuo cha ualimu, muhula ujao unaanza. Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, ukaandika: "Kaka, ndugu yangu alikuwaje huko chuoni? Nyumbani wananiambia alikuwa mzuri tu."

Ulikuwa na miaka 6 tulipomzika. Nakukumbuka umekaa kwenye daka la nyumba yenu pale Langoni, Lamu, umevaa kanzu ya Idi, unahesabu viatu vya watu waliokuja matangani. Ulifika 40 ukachanganyikiwa, ukaanza upya.

Najua kwa nini wanakujibu hivyo. Tumelelewa kutaja mema ya marehemu na mengine kuyafunika, na ni adabu nzuri, siikatai. Lakini mtu akitajwa mema tu miaka 13 mfululizo, huisha. Hubaki jina, na "Mungu amrehemu" nyuma yake. Darasani kwetu tulikuwa 43, na watano wameshatangulia, wote kabla ya kufika miaka 30. Wote siku hizi ni wazuri tu. Nikikutana na wenzangu tunawataja kwa sauti ile ya chini, na sioni hata mmoja wao akicheka ndani ya maneno yetu.

Kwa hiyo nitakwambia alivyokuwa. Na nakuandikia wazi, mbele ya watu, kwa sababu ambayo utaiona ukifika huko chini.

Chuoni hakuna aliyemwita jina lake. Aliitwa Bwana Yeo. Jina alilipata mwaka 2009 kwenye mazoezi ya kufundisha, tulipopelekwa shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Mombasa. Alipewa darasa la 3. Siku ya kwanza akaingia na shati lililonyooshwa kwa sufuria yenye makaa, maana pasi hatukuwa nayo, akageukia ubao na kuandika kwa ile hati yake nzuri: "Yeo ni Jumatatu." Watoto hamsini na kitu wakanakili. Mkufunzi aliyekuja kumkagua alikuwa amekaa nyuma. Akachukua daftari moja, akachukua la pili, akachukua la tatu, zote Yeo. Kipindi kilipokwisha akamwita chini ya mwembe.

"Mwalimu, hii yeo ni kitu gani?"

"Ni leo, mwalimu," kakako akajibu bila kupepesa, "ila imetoka Lamu."

Alikatwa alama. Mwingine angenyamaza, yeye usiku ule alisimama juu ya kitanda akatuhutubia bweni zima. Kwamba tenzi za kale wanazozisifu maprofesa zimeandikwa kwa Kiamu, watu wakisema mato, wakisema moya, wakisema yana na yeo. Kwamba mwaka 1928 wakubwa walikutana papo hapo Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe ndicho Kiswahili cha vitabu na shule, "na Lamu hawakuialika hata kwa chai." Hilo la chai alilitia chumvi, lakini mkutano ulikuwapo kweli, na uamuzi ndio huo. Tangu siku hiyo, mtu akikosea chochote chuoni, hata kuunguza maharagwe, anasema imetoka Lamu.

Sasa yale wasiyokuambia. Alikuwa mkaidi. Alikuwa mvivu wa kufua na alivaa soksi za wenzake. Na alikuwa na hita ya kuchemshia maji aliyoiunda mwenyewe kwa nyembe mbili na kipande cha waya, kitu kilichokatazwa chuoni na ambacho kwa kweli kingetuua sote. Mara mbili ilizima taa bweni zima, na mara ya pili ilikuwa usiku wa kuamkia mtihani. Asubuhi walipofanya msako wakaikuta chini ya kitanda cha mwenzetu mwingine, kwa sababu kakako alikuwa ameisukuma huko kwa mguu gizani. Mwenzetu akafukuzwa wiki mbili. Bwana Yeo hakusema neno. Nami niliyeuona ule mguu sikusema neno pia.

Doa hilo silifuti. Lakini wiki zile mbili alikuwa akirudi kutoka maktaba analala saa saba, saa nane, na yule mwenzetu aliporudi alikuta masomo yote yamenakiliwa kwenye madaftari yake, hisabati, sayansi, mpaka michoro. Mpaka leo anadhani ni mimi. Kama unasoma hapa, ndugu, sikuwa mimi, na hita haikuwa yako.

Kulikuwa na mmoja kutoka upande wa Kilifi tuliyemwita Limuru, ule mji wa baridi, kwa kuwa alivaa sweta Mombasa, Januari, jua la utosi. Tulimcheka miaka miwili. Viungo vikimuuma alisema ni baridi yabisi, akajifunika, asubuhi akaja darasani macho ya manjano. Alifariki miezi michache baada ya kumaliza chuo, na ni mamake aliyetuambia matangani kwamba alizaliwa na seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Pwani yetu ugonjwa huu uko majumbani mengi, kwa sababu ya malaria: aliyerithi chembe moja tu ya urithi wake, ya baba au ya mama, malaria kali humpata kwa taabu, ndiyo maana chembe ile imedumu huku. Lakini baba akiwa nayo na mama akiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto kama Limuru, na baridi ni mojawapo ya mambo yanayomwamshia maumivu. Tulifundishwa urithi wa viumbe kwenye somo la sayansi, tukachora ule mraba wa vyumba vinne, naye amekaa safu ya pili na sweta lake. Alipata alama zote siku hiyo.

Na kulikuwa na Madamu Spika, binti wa kisiwa cha Pate, aliyeendesha midahalo yetu akigonga meza kwa kiatu. Kakako alimwogopa yeye peke yake chuo kizima. Alikufa Agosti 2014. Unaukumbuka mwaka ule, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi Juni. Kaunti nzima ya Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mimba yake ilikuwa mwezi wa nane, uso umevimba, kichwa kinamuuma tangu alasiri, anaona vimulimuli. Kifafa cha mimba, lakini nyumbani walidhani ni uchovu. Ilipofika usiku wakajua si uchovu, na hapo maji yalikuwa yamekupwa, mlango wa Mkanda, njia ya boti kwenda Lamu, haupitiki, na amri iko pale pale. Wakangoja kuche. Alianza kutetemeka botini, Lamu inaonekana. Mtoto alipona. Huduma ya kujifungua ilikuwa imefanywa bure tangu Juni 2013, watu wakashangilia, nami nilishangilia. Bure hiyo ilianzia kwenye lango la hospitali.

Wawili waliobaki nitawaandikia ndugu zao wenyewe wakiniuliza.

Turudi kwa kakako. Tulimaliza 2010 na vyeti vya P1, vile vya miaka miwili ambavyo siku hizi vimefutwa, ninyi mnasoma diploma ya miaka mitatu. Tukajiandikisha TSC, tume inayoajiri walimu, tukakaa kungoja. Kungoja kule kulikuwa kazi ya kutwa. Mimi nikawa mwalimu wa bodi, analipwa wazazi wakikumbuka. Yeye akaja Malindi kuendesha bodaboda. Mwaka 2008 serikali ilikuwa imeziondolea kodi pikipiki ndogo, na miaka miwili baadaye kila kijana asiye na kazi alikuwa amekaa juu ya moja, wengi wao si yao. Ya kakako ilikuwa ya mtu, na kila jioni lazima ampelekee shilingi 300, abiria awepo asiwepo.

Fikiria, mtoto wa Lamu. Amekulia kwenye mji wa punda na vichochoro, gari la kwanza kulipanda amevuka maji kwenda Mokowe, halafu ana miaka 23 ndiyo anajifunza gia. Wiki ya kwanza aliangusha abiria wawili na tenga la samaki. Alinipigia simu akicheka mpaka akakohoa. "Hii pikipiki ina ukaidi kuliko punda," akasema, "na haina masikio ya kumshika."

Sasa nafika ninapopaogopa.

Mwaka 2011 chuo kilikataa kunipa cheti changu halisi kwa sababu nilipoteza kitabu cha maktaba. Faini na nauli vilifika shilingi 1,500 na mimi sikuwa na hata 200. Nilimpigia kakako. Hakuuliza maswali, baada ya siku tano zikaingia M-Pesa, 1,500 kamili. Siku tano kwa sababu ndizo zilizomchukua, akibakiwa na mia tatu siku njema, akila mbaazi na mahamri asubuhi na kulala hivyo. Nikamwambia mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa mwezi ujao.

Februari 2012 nilikuja Lamu kwa Maulidi. Tulikuwa ufukoni tunatazama mbio za punda, watu wamejaa mpaka juu ya kuta, nikamwona kakako upande wa pili, kofia mpya, amekubeba wewe mabegani. Akaangaza macho kama mtu anayetafuta. Nami, mtu mzima mwenye cheti, nikainama nyuma ya punda aliyeshindwa mbio akavutwa kando, nikakaa pale nimeshika goti kana kwamba nimeumia, mpaka mlipopita. Huenda uliniona. Ulikuwa juu.

Mei mwaka huo TSC ikaniajiri, kwa cheti kile kile. Mshahara ulichelewa, ukaingia Agosti pamoja na malimbikizo. Nilinunua simu.

Septemba walimu tukagoma wiki tatu, nami nikashinda Malindi sina kazi. Alinikuta barabarani, akasimamisha pikipiki, "Panda." Akanichukua mpaka daraja la Sabaki, tukakaa pale juu tukitazama yale maji mekundu yanavyoingia baharini, akanieleza habari za nyumbani, habari zako, kwamba umeanza kusoma na unaandika herufi ya s kinyume. Simu yangu ikalia. Nikaitoa. Akaitazama.

"Simu nzuri," akasema.

Basi. Akawasha pikipiki akanirudisha mjini, na nauli akakataa. Niliposhuka nilikuwa na zaidi ya elfu mbili mfukoni. Nilijiambia nitamtumia jioni, ili isionekane kama nimetahayari.

Ilikuwa Oktoba, usiku, barabara ya kwenda Mambrui, lori la chumvi lililotoka upande wa Gongoni. Helmeti moja aliyokuwa nayo alikuwa amempa abiria wa nyuma. Abiria yu hai, ana duka.

Tulimsafirisha alfajiri. Siku hizo lami iliisha Garsen, kuanzia hapo ni vumbi na mashimo mpaka Mokowe, na kila shimo tulimshika wanne kana kwamba ataamka. Tukavuka naye kwa boti. Lamu hakuna gari la maiti. Ni mabega, na vichochoro vyenu ni vyembamba kiasi kwamba kwenye kona moja tulilazimika kurudi nyuma na kumgeuza. Baada ya swala ya alasiri ami yako akasimama akasema kama inavyosemwa: yeyote anayemdai marehemu aje kwetu, tutamlipa. Wakajitokeza wawili, fundi wa pikipiki na mama mwenye kibanda cha mahamri.

Hakuna aliyeuliza nani anadaiwa na marehemu. Huwa haulizwi mtu. Nilikuwa safu ya pili, kanzu ya kuazima, na ile simu mfukoni nimeizima.

Baada ya hapo nimekuja kwenu mara tatu. Kila mara nimekuja na pesa kwenye bahasha, na kila mara mamako hunitilia chai, hunisogezea sahani, huniambia, "Mwanangu, ulikuwa rafiki yake hasa," na bahasha narudi nayo Malindi. Angesema lolote jingine ningetoa.

Ndiyo maana nimekuandikia mbele ya watu. Nimejificha nyuma ya punda miaka 13. Kukunong'oneza sasa kungekuwa kuinama tena.

Asubuhi hii nimekutumia shilingi 1,500. Si sadaka, si zawadi ya kwenda chuo. Hiyo nitakuletea mwenyewe, na godoro pia, kwa sababu ya huko ni membamba. Hizi ni mirathi, usizinunulie bando. Mpelekee mamako mkononi, wazee wanajua zinavyogawanywa, na umsomee barua hii yote, pamoja na pale pa hita na soksi. Akicheka, nipigie. Akinyamaza, nipigie pia.

Nami bado nina sweta la Limuru. Njia ya kwenda kwao naijua.