Barua kutoka Yokohama: supu ya mizizi isiyo na nyama wala samaki

Assalaam alaykum. Mama, shikamoo. Dada, shikamoo nawe. Wadogo, hamjambo? Huku ni salama, ila baridi imeshaingia.

Mliuliza ni supu gani ya Kijapani inayoweza kupikwa Tanga bila nyama, bila samaki na bila mahangaiko. Jibu ni kenchinjiru, supu ya mizizi na tofu, ile jibini ya maziwa ya soya. Inasemekana jina hilo limetokana na Kenchoji, hekalu la Wabudha wa Zen lililoanzishwa mwaka 1253 huko Kamakura, si mbali na hapa. Chakula cha watawa hakina nyama wala samaki, na hata kitunguu maji, kitunguu saumu na jamii yake hawavitii. Dada, najua mkono wako utakwenda kwenye kitunguu kabla hujafikiri. Uzuie. Ladha ya supu hii inaanzia kwenye maji, na maji yenyewe yanaandaliwa siku moja kabla.

Kwenye mzigo ninaowatumia mtakuta vitu viwili vikavu. Kimoja ni kombu, mwani mpana mgumu kama ngozi, ambao kwa sehemu kubwa hutoka Hokkaido, kaskazini. Unga mweupe juu yake si ukungu, msiuoshe; ni sehemu ya ladha. Futeni vumbi tu kwa kitambaa chenye unyevu. Cha pili ni uyoga wa shitake uliokaushwa. Vyote viwili viwekwe kwenye kopo linalofunga vizuri, maana hewa ya pwani italainisha uyoga ndani ya wiki chache, na hapo ukungu wa kweli ndipo unapokuja.

Kwa watu wanne au watano: maji lita 1 na robo, kombu gramu 10 (kipande kama kiganja), na shitake 4. Msiviloweke chombo kimoja. Kombu itiwe kwenye mililita 800 za maji baridi, uyoga kwenye mililita 450, vifunikwe na kuwekwa ndani ya friji usiku kucha. Uyoga usilowekwe kwa maji ya moto eti ulainike haraka. Ndani yake mna vimeng'enya viwili: kimoja hutengeneza ladha na kingine huivunja, na uvuguvugu humpa nafasi yule mharibifu. Ukilowa kwenye baridi kisha ukachemshwa vizuri, ladha inabaki. Umeme ukikatika, msiache bakuli mezani mpaka asubuhi. Kwa joto la Tanga maji yataanza kuchacha. Kulowa saa mbili kwa kombu na saa nne kwa uyoga kunatosha kuokoa mambo.

Asubuhi, kombu na maji yake viwekwe kwenye moto mdogo. Subirini dakika kama kumi, mpaka vitone vidogo vya hewa vishike chini na pembeni ya sufuria, na mvuke uanze kupanda. Hiyo ni kama nyuzi 60 hadi 70. Toeni kombu hapo hapo. Wengi huharibu hapa: wanaiacha ichemke kama mifupa, wakidhani ikikaa zaidi itatoa zaidi. Itatoa kweli, lakini uchungu na utelezi. Kombu iliyotolewa isitupwe. Ikateni nyembamba, mpike na sosi ya soya kidogo na sukari mpaka ikaukie, iliwe na wali.

Maji ya uyoga yamiminwe taratibu, na kijiko cha mwisho kiachwe kwenye bakuli kwa sababu ya mchanga. Uyoga wenyewe ukatwe vipande, vikonyo vigumu vitolewe. Changanya maji hayo na ya kombu, na hiyo ndiyo dashi, yaani mchuzi wa msingi. Ukionja peke yake utasema haina kitu. Ngoja ipate chumvi. Mwaka 1908 mkemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, aliitoa glutamati, kiini cha ladha, kutoka kwenye kombu na kuiita ladha yake umami, yaani ladha nono kama ya mchuzi wa nyama, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kama ile chembechembe nyeupe mnayoijua kwa jina la Ajinomoto. Kiini cha ladha ya uyoga ni guanilati. Zikikutana mbili hizi ladha haijumliki tu, inazidishwa, ndiyo maana kombu bila uyoga, au uyoga bila kombu, haikupi supu ileile.

Najua mtaniuliza kwa nini tununue mwani wa Japani ilhali Unguja, kule Paje na Jambiani, kuna mwani mwingi. Hautafaa kwa kazi hii. Ule ni mwani mwekundu unaolimwa kwa ajili ya karagini, kitu cha kugandisha. Ukiuchemsha mtapata uji unaovutika, hamtapata mchuzi. Kombu ikiisha, kaangeni soya kavu gramu 50 bila mafuta mpaka zinukie na kuwa za kahawia, mziloweke pamoja na uyoga. Nazo ni dashi halali ya hekaluni, nyepesi zaidi kidogo.

Sasa mizizi. Figili nyeupe gramu 200, karoti moja kubwa, magimbi gramu 200, tofu gramu 300. Huku huongezwa gobo, mzizi mrefu wenye harufu ya udongo, na konyaku, donge linaloteleza, linalotokana na kiazi cha huku. Kwenu havipo, na supu haitavililia.

Magimbi ni yaleyale ya kwetu, Wajapani huyaita satoimo, ila ya huku ni madogo kama yai. Yakimenywa na kukatwa, yasugueni kwa kijiko cha chai cha chumvi, myachemshe dakika kumi, mmwage maji yake na kuyasuuza. Ya huku hutosheka na dakika tatu au nne, ya nyumbani ni makubwa na mengine yanawasha sana. Mkiyatia mabichi moja kwa moja, mchuzi utavutika kama mlenda, na yasipoiva vizuri yatawasha koo. Mikono ikauke kabla ya kumenya, la sivyo itawasha.

Figili ikatwe robo duara, unene wa milimita 7. Karoti milimita 5, kwa kuwa inachelewa kuiva kuliko figili. Haya si mapambo. Vipande visipokatwa hivyo mtakula karoti inayolia mdomoni na figili iliyovurugika, kijiko kimoja.

Tofu ikikosekana dukani, itengenezeni. Soya kavu gramu 250 ziloweke usiku kucha, zisageni na maji lita 2, mchuje kwa kitambaa kama mnavyochuja tui. Maziwa hayo yachemke dakika kumi kamili mkikoroga, kwenye sufuria kubwa, maana hufura na kumwagika haraka kuliko ya ng'ombe. Yasipochemka yatabaki na harufu ya maharage mabichi na kusumbua tumbo. Yaipueni, yapoe dakika tano, mmimine vijiko vikubwa vinne vya maji ya ndimu vilivyochanganywa na nusu kikombe cha maji. Korogeni mara mbili tu, mfunike robo saa. Yatakatika mabonge. Yachoteni kwenye kitambaa na kuyakandamiza kwa kitu kizito nusu saa. Mkikoroga sana mtapata chengachenga zisizoshikana. Tofu ya kununua nayo ifungwe kwenye taulo safi, sahani juu, dakika 20, ipungue maji.

Mafuta ya kukaangia supu hii ni ya ufuta. Ya huku yanatokana na ufuta uliokaangwa kwanza, ndiyo maana yana rangi ya kahawia na harufu kali. Mengi ya kwetu yamekamuliwa ufuta mbichi, ni mepesi. Yatumieni hayo hayo, kijiko kikubwa kimoja na nusu, kisha mwisho nyunyizieni ufuta mliokaanga na kuutwanga kidogo.

Mafuta yakipata moto, imomonyoeni tofu kwa vidole, vipande kama kidole gumba, ikaangwe mpaka maji yake yakauke na kingo zianze kuwa njano. Kuikata kwa kisu ni makosa, maana uso uliochanika ndio unaoshika mchuzi. Iwekeni pembeni. Kwenye sufuria hiyohiyo tieni karoti, figili, uyoga, mwisho magimbi. Geuzeni dakika tatu au nne, mpaka kingo za figili zianze kupenyeza mwanga. Zisiungue wala zisiwe kahawia. Hii si rosti.

Mimineni dashi yote. Ikichemka litapanda povu la kijivu, liengueni kwa upawa, kisha mpunguze moto na kufunika nusu. Dakika kumi baadaye tieni kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Tofu irudi. Dakika tano nyingine, mpaka kijiti kipite kwenye karoti bila kusukuma, halafu kijiko cha pili cha sosi na kuipua mara moja. Sosi hugawanywa hivyo kwa kuwa ile ya kwanza inaingia ndani ya mizizi, na ya pili inabakiza harufu, ambayo moto mrefu huipeperusha.

Sosi yenyewe iwe ile nyembamba. Ile nzito nyeusi tii ya Kichina ina karameli, itafanya supu iwe tamu na rangi ya kahawa. Mama, na kuhusu pombe: sosi iliyochachushwa hujitengenezea alkoholi kidogo yenyewe, na sosi nyingine huongezwa alkoholi ili zisiharibike. Kwenye chupa za huku huandikwa 酒精 au アルコール. Tafuteni yenye alama ya halali. Kwa sababu hiyohiyo sikuwatumia mirini ambayo baadhi ya wapishi huitia humu. Ni kileo kitamu cha mchele, na supu haiihitaji.

Mkionja mkaona imepooza, msikimbilie sosi. Ongezeni chumvi, punje chache kwa wakati, kwani mara nyingi dashi ipo na inangoja chumvi tu iamke. Ikiwa chungu, kombu ilichemka, na hapo hakuna dawa. Ikiwa na mafuta yanayoelea kama karai la mandazi, yaengueni juu kwa upawa.

Juu yake tieni majani machache ya mchicha yaliyochovywa maji ya moto, na tangawizi iliyokunwa. Iliwe na wali mweupe usiotiwa nazi. Nazi itaifunika yote. Kesho yake huwa tamu zaidi, mradi ipoe haraka na kulala ndani ya friji, siku mbili hivi. Msiigandishe. Tofu itakuwa kama sponji.

Mzigo atauleta yule jirani yenu anayerudi mwezi ujao. Kombu ni gramu 100, mara kumi za kupika, kwa hiyo Dada usiigawe mtaa mzima. Nawasalimia wote, na Bibi mwambieni magimbi yake ndiyo yaliyonifanya nichague supu hii.

Wenu,
wa Yokohama