Simba hajui kuwa watalii hawaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo lililosahaulika upesi mno tangu UVIKO-19 ipungue: gharama ya kumtunza mnyama haishuki watalii wanapokosekana. Mwaka 2019 nchi yetu ya Tanzania ilipokea watalii takriban milioni 1.5, na mwaka uliofuata wakawa kama 620,000. Lakini gari la doria lilihitaji mafuta yaleyale, na simba wa kwenye bustani ya wanyama alihitaji nyama ileile. Huko Ujerumani, bustani ya wanyama ya Neumünster ilitangaza Aprili 2020 kwamba huenda ikalazimika kuchinja baadhi ya wanyama ili kuwalisha wengine.

Bustani angalau ina ukuta. Sisi tunaoishi Kondoa, si mbali na mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero, tunajua kuwa mtego wa waya haugharimu kitu, na kwamba mtu aliyepoteza kibarua humtazama swala kwa jicho jingine. (Simtetei jangili, naeleza tu njaa inavyofanya kazi.)

Ugonjwa nao huvuka uzio: Aprili hiyohiyo ya 2020, chui milia wa bustani ya Bronx, New York, alithibitika kuwa na virusi vya korona, na ilidhaniwa aliambukizwa na mhudumu.

Napendekeza wizara inayohusika itenge, katika miaka ya neema, sehemu ya viingilio iwe akiba ya dharura kwa ajili ya doria na lishe, ikaguliwe kila mwaka, na isiguswe kwa semina wala magari ya wakubwa.

Wako,
Msomaji, Kondoa, Dodoma