Waranti msimu mmoja, mkopo miaka mitatu

Mhariri,

Naomba nafasi niwaulize wauzaji wa matrekta: waranti zenu mlimpigia hesabu mkulima yupi?

Langu nililichukua kwa mkopo wa miaka mitatu. Waranti ilikuwa mwaka mmoja au saa 1,000 za kazi, kitakachotangulia. Ukiwa dukani unaona ni nyingi. Lakini huku Mbarali, mkoani Mbeya, mvua ikishashika trekta halilali: mchana linalima, usiku linavuruga majaruba ya mpunga, dereva akichoka anapokewa na mwenzake. Kwa mwendo wa saa 14 kwa siku, saa zile zilikwisha hata rejesho la nne sijalipa.

Wiki chache baadaye haidroliki ikagoma kunyanyua jembe. Nikapiga simu. Nikajibiwa kwamba waranti imekwisha, fundi anatoka Dar es Salaam, kilomita kama 700, na nauli, malazi na posho yake ni juu yangu: shilingi 900,000 kabla hajagusa nati. Alipofika akasema pampu imekufa, mpya ni milioni 2.8. Mimi ekari ya mteja nalima kwa shilingi 70,000. Hizo ni ekari 40, dizeli na dereva sijaweka. Trekta lilisimama siku 19 katikati ya msimu, wateja wakahamia kwa jirani.

Pampu mbovu sikuitupa. Niliipeleka kwa fundi Makambako, akaifungua mbele yangu. Kilichokufa ni sili, kile kimpira cha kuzuia oili. Nikampigia muuzaji: kwa nini hamkubadilisha sili tu? Akasema sili haziuzwi, inauzwa pampu nzima.

Na muda wote wa waranti nilikatazwa kumruhusu fundi wa hapa kufungua chochote, nisije nikaipoteza. Ilipoisha, hakuna fundi wa karibu aliyewahi kuliona trekta lile kwa ndani. Massey Ferguson 165 ya marehemu baba, trekta la miaka ya 1970, mafundi wa Rujewa wanaifungua hata usiku kwa tochi ya simu.

Nikiri langu: mkataba ulikuwa wa Kiingereza, nikasaini bila kutafuta wa kunisomea.

Huko Marekani, jimbo la Colorado lilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwalazimu watengenezaji wa mashine za kilimo kuwapa wakulima na mafundi huru vipuri, zana na vitabu vya matengenezo. Wenzetu wanagombania hadi programu za kompyuta zilizomo ndani ya matrekta. Sisi tunaomba sili. Hapa kwetu CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo pale Arusha, hupima zana hizo. Basi muuzaji aulizwe pia vipuri vidogo vidogo ameviweka wapi, kwa bei gani, na ni fundi gani wa Mbeya aliyefundishwa kuvifunga. Tume ya Ushindani, inayolinda wanunuzi, nayo iipitie mikataba hii, na iandikwe Kiswahili.

Rejesho langu lijalo ni tarehe 30. Trekta limeanza kuvuja tena, safari hii kwenye ekseli ya mbele.

Mkulima wa mpunga,
Rujewa, Mbarali